Muziki wa Kale Lamu: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tamasha Dogo la Udi, Gungu na Zumari

Gambusi, ala ndogo ya nyuzi, ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa na kuvikwa kifua cha ngozi ya mbuzi, na sauti yake haiendi mbali. Msikilizaji aliyekaa hatua ishirini uani husikia wimbo, lakini mapambo ya mpigaji yote yanampita. Ukimsogezea spika kubwa atasikia kelele zaidi, na mapambo hayatarudi. Kwa hiyo tamasha la muziki wa kale usilipange kama tamasha la kawaida lililopunguzwa ukubwa. Anza kwa kujiuliza nani atasikia nini, akiwa amekaa wapi na saa ngapi.

Hapa tunazungumzia tamasha la usiku tatu Lamu mjini, wasikilizaji 25 hadi 100 kila usiku, bila vipaza sauti au kwa kipaza sauti kimoja. Jipe miezi sita. Miezi minne yawezekana ikiwa wasanii wote wako Lamu na mahali pamekwisha kupatikana.

Kale ipi?

Neno "kale" Pwani halina mpaka, na asiyeuweka mpaka huo mapema hujikuta usiku wa pili ana kinanda cha umeme jukwaani. Yafaa kuugawa muziki huu tabaka tatu, kila moja lipate usiku wake.

Tabaka la kwanza ni la harusi na ngoma za mji: gungu la kufunda na gungu la kukwaa, ambayo jadi huyafungamanisha na Fumo Liyongo, tumbuizo, zumari na ngoma zake, vugo la wanawake, ambalo mdundo wake ni pembe zinazogongwa kwa vijiti, kirumbizi na goma. La pili ni la kibangala, jina la Lamu la gambusi: mwimbaji mmoja, ala moja, pengine na dumbak (ngoma ndogo ya mkono), na shairi ndilo linalotawala. La tatu ni taarabu ya kundi dogo: udi, kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), fidla, dumbak na rika (tari ndogo). Hili la mwisho historia yake hupitia Unguja ya Sayyid Barghash (1870 hadi 1888), Ikhwani Safaa iliyoundwa 1905, na sahani za santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Lamu nayo imetoa fundi wake wa udi, Zein l'Abdin, na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, ambaye mashairi yake yameimbwa sana.

Usichanganye matabaka usiku mmoja. Hili si suala la usafi wa jadi, ni suala la masikio. Zumari ina sauti kali mno, na ukimpandisha mpiga gambusi mara baada yake, wasikilizaji watamwona tu. Ukilazimika kuchanganya, anza na ala ya sauti ndogo na umalize na zumari.

Kuna yasiyofaa kuuzwa kwa tiketi. Maulidi ya matari, kasida na dhikri ni ibada. Zina mahali pake na watu wake, na Lamu ina Msikiti wa Riyadha. Usiziweke kwenye ratiba ili kujaza saa. Siwa nazo, baragumu kubwa za sherehe, ni vitu vya enzi. Ya pembe ya ndovu ya Pate na ya shaba ya Lamu ziko chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mtu hazipulizi kwa sababu tu tamasha limefika. Andaa maelezo mafupi na picha: kwamba hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si la nchani, na kwamba zilisikika kwenye shughuli za watu wa daraja. Yatosha.

Tarehe: kalenda tatu kwa pamoja

Hapa ndipo matamasha mengi ya Lamu hukosea, kwa sababu waandaaji hufungua kalenda moja tu, ya ukutani.

Kalenda ya kwanza ni ya Hijria. Ondoa Ramadhani yote. Ondoa juma la mwisho la Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Lamu, kwani mji umejaa, vyumba hakuna na boti zote zina abiria. Shaabani ni mwezi wa harusi nyingi. Wapigaji wazuri huwa wameshachukuliwa, na atakayekuahidi huenda akafika amechoka, sauti imekauka. Kumbuka kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyofaa mwaka huu baada ya miaka mitatu huenda isifae.

Ya pili ni ya pepo. Masika, Aprili hadi Juni, si wakati wa uani. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kavu lakini joto lake ni la kutoa jasho la mikono, na jasho huua nyuzi. Agosti na Septemba, kusi likishapungua ukali, ndiyo miezi tunayoipendelea: usiku una ubaridi kidogo na mvua ni chache.

Ya tatu ni ya maji, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Lamu haina barabara ya kuwaleta wasikilizaji wa Shela, Manda na Matondoni wote kwa gari. Wengi watarudi kwa boti baada ya onyesho. Siku ya mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne usiku, yaani saa ileile watu wanapotoka. Boti zitakuwa zimekaa juu ya tope na wazee watatembezwa matopeni gizani. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya tatu, ya nne na ya tano baada ya mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa mbili usiku, na saa nne u nusu bado kuna kina cha kupandia boti. Mwezi nao siku hizo huchomoza kati ya saa tatu kasorobo na saa nne u nusu hivi, kwa hiyo watu huondoka na mwanga. Hesabu hii ni ya kukadiria. Jedwali la maji la mwaka husika ndilo hakimu.

Maji huamua pia wasanii wa Siyu, Pate na Faza watafika lini. Chombo chao hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hautaki chombo kikubwa maji yakiwa madogo. Walete siku moja kabla, kwa maji ya asubuhi. Ukiwaleta siku ileile ya onyesho, kuchelewa kidogo tu kwa nahodha kunakugharimu usiku mzima. Mwulize nahodha pia masharti ya usalama ya safari za usiku yaliyopo wakati huo, maana hubadilika.

Usiku wa kuamkia Ijumaa watu wengi wa mji huwa kwenye maulidi na dhikri. Ukiweza, anza Ijumaa usiku na umalize Jumapili. Mwezi na siku za juma vikikataa kukutana, shika mwezi.

Mahali: sikiliza ukuta kabla ya kuupenda

Nyumba ya mawe ya Lamu tayari imetengenezewa muziki mdogo, ingawa wajenzi walikuwa na nia nyingine. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Urefu ukawa huru. Kwa hiyo una vyumba virefu vyembamba vilivyopangana: unatoka kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), unaingia msana wa tini (ukumbi mrefu wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, chumba cha mwisho.

Weka wasanii msana wa tini, wakitazama kiwanda, na wasikilizaji kiwandani. Ukuta ulio nyuma yao huisukuma sauti mbele, na dari ya boriti huizuia isipae. Kinyume chake, wasanii kiwandani na watu msanani, ndiyo kosa la kila mgeni kwa sababu kwenye picha linapendeza. Sauti ya udi hupotelea mbinguni.

Kwa gambusi peke yake, ndani panafaa zaidi. Ukuta wa zidaka (vishubaka vya ukutani) huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa pigo moja. Hesabu watu hivi: chumba cha mita 2.7 kwa 8 kina mita za mraba 21.6. Toa mita mbili za urefu kwa msanii, zinabaki kama 16. Mtu aliyekaa mkekani anataka nusu mita ya mraba, kwa hiyo 32 kwa hesabu. Toa njia ya kupita, wanabaki 25. Usiongeze hata mmoja. Ghorofani usiweke umati bila fundi wa nyumba za mawe kutazama vichwa vya boriti, kwani mchwa na unyevu hula pale mti unapoingia ukutani, mahali ambapo huoni. Daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia) viachwe wazi kabisa, bila viatu wala meza ya tiketi, maana ndiyo njia pekee ya kutokea.

Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumika kama gereza hadi 1984, ina ua mkubwa wa wazi. Huo ndio wa usiku wa taarabu ya kundi, kwa watu 80 hadi 100. Zumari na goma zipigwe nje, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, bila tiketi. Zumari ni ala ya njiani, na mtu anayesimama kusikiliza akiwa na mkate wake mkononi ndiye mwenye muziki huo.

Jaribio la ukuta ni rahisi. Simama katikati ya mahali patupu, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio wa kurudiarudia kama bati, kuta mbili zinatazamana na kurushiana sauti. Tundika leso tano au sita kwenye ukuta mmoja, zikiwa zimeachwa na mikunjo, kisha piga tena. Tandika jamvi chini. Miili ya watu nayo humeza sauti, kwa hiyo mahali panapovuma kidogo pakiwa patupu huwa pazuri pakijaa. Palipo pakavu patupu patakuwa kama kuimbia godoro.

Kisha rudi hapohapo saa mbili na nusu usiku, siku ya kawaida, ukae saa nzima kimya. Andika kila unachosikia: jenereta ya nyumba ya wageni, televisheni ya mpira, boti zinazopita, punda. Jenereta na televisheni huzungumzika kwa jirani mapema, kwa adabu na tiketi mbili za bure. Punda hazungumziki. Mwenye punda waliofungwa uchochoroni aombwe awahamishe kwa usiku tatu, naye alipwe.

Wasanii na mapatano

Mkubali msanii kwa kumsikia, si kwa sifa. Nenda kwake ukiwa na orodha ya maswali: ana nyimbo ngapi kamili kichwani, anaimba kwa ala ya nani, sauti yake hukaa wapi, nani humpigia dumbak. Mpiga udi mzuri aliyepangiwa dumbak asiyemjua ni hasara kwa wote wawili.

Panga dakika 70 za muziki kwa usiku, zilizokatwa mara mbili kwa mapumziko ya robo saa ya kahawa na kashata. Nyimbo tano au sita zinatosha. Waandaaji hupenda kuweka kumi na mbili, na matokeo yake kila wimbo hukatwa ubeti, na ubeti unaokatwa mara nyingi ndio wenye fumbo.

Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: tarehe na saa, idadi ya dakika, malipo, nusu ikitumwa kwa M-Pesa wakati wa kutia sahihi na nusu ikitolewa usiku uleule kabla msanii hajavuka mlango, nauli na malazi, nani analeta nyuzi, na kama kurekodi kumeruhusiwa. Weka kifungu cha tuzo. Kwenye taarabu watu huinuka kutunza, na usipoamua mapema fedha hizo ni za mwimbaji au za kundi, ugomvi utaanzia palepale jukwaani. Kwa usiku wa gambusi ndani, weka bakuli mlangoni na utangaze kwamba kutunza ni baada ya wimbo. Mtu akipita mbele ya msikilizaji wa chumba chembamba anafunika kila kitu.

Wanawake wa vugo waulizwe wao wenyewe wanataka kuonekana na nani. Wengi watakubali onyesho la alasiri la wanawake pekee, simu zikiachwa mlangoni kwenye kikapu chenye namba. Hilo likikubaliwa, lishike kikamilifu: mafundi wa taa na wauza maji wote wawe wanawake. Kwa maonyesho ya usiku, tenga sehemu mbili za kukaa zenye uoni sawa. Wanawake wakiwekwa nyuma ya nguzo hawarudi usiku wa pili.

Vibali na haki

Barua ya kwanza iende kwa msimamizi wa Ngome na Makumbusho, miezi minne kabla. Kisha serikali ya kaunti kwa kibali cha shughuli na cha uwanja. Polisi hupewa taarifa ya mkutano wa hadhara kwa maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla; ukipeleka mwezi mmoja mapema bado utatakiwa kuirudia ndani ya muda huo. Nenda pia kwa maimamu wa misikiti iliyo karibu na kwa wazee wa mtaa. Hawa hawatoi karatasi, lakini wasipojua, karatasi zako zote hazitakusaidia.

Haki za nyimbo zina ngazi mbili. Kwa sheria ya Kenya, kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, ni huru. Ya Nabhany, aliyefariki 2017, yanalindwa, na warithi wake ndio wa kuombwa au jumuiya ya mirabaha inayowawakilisha. Pata leseni ya kuimba hadharani kutoka kwa jumuiya iliyoidhinishwa na KECOBO (Bodi ya Hakimiliki ya Kenya) mwaka huohuo, na hakiki kwenye ofisi ya KECOBO kabla ya kulipa. Ngazi ya pili ni nyimbo zisizo na mtunzi mmoja, kama gungu na vugo. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi inazitambua kama mali ya jamii. Ukitaka kurekodi na kuuza, unahitaji ridhaa yao, si ya mwimbaji mmoja tu.

Ala: nyuzi, ngozi na unyevu

Udi (wa nyuzi, si wa kufukiza) una nyuzi 11 kwa kawaida: jozi tano na mmoja mnene. Mpangilio unaotumika sana, kuanzia mnene, ni do, fa, la, re, soli, do, ingawa mafundi huteremsha au kupandisha wa chini kufuata wimbo. Gambusi huwa na 7, jozi tatu na mmoja. Kanuni ina mafungu 26 ya nyuzi tatutatu, yaani 78, na kila mmoja unaweza kupotoka peke yake.

Tatizo la Lamu ni unyevu wa usiku. Farasi wa kanuni, kijiti kinachobeba nyuzi, hukalia ngozi. Ngozi ikilainika hushuka na nyuzi zote hushuka nayo, tena si kwa kiasi kimoja. Kifua cha gambusi vivyo hivyo. Dawa si kuzuia unyevu, ni kuipa ala muda wa kuuzoea. Ilale mahali pa onyesho au karibu yake, na ikae pale pale itakapopigwa saa tatu kabla, imefunikwa kitambaa. Usiiweke chumba chenye kiyoyozi kisha uilete uani saa mbili usiku. Hapo ngozi itaendelea kulegea muda wote wa nyimbo mbili za kwanza. Usiiache juani kwenye boti pia, kwani gundi huachia na nyufa hufuata.

Ratiba ya kulinganisha sauti: kanuni saa moja kabla ya kufungua mlango, dakika 45 za kimya kitupu, bila mtu kuburuta viti. Baadaye udi na fidla hufuata kanuni. Kanuni hairudi kuwafuata wao. Wakati wa mapumziko mpiga kanuni apewe dakika kumi nyingine.

Kiwango cha sauti kiamuliwe na mwimbaji, si na programu ya simu. Wazee wengi huimba vizuri kundi likiteremka sauti moja chini ya kiwango cha noti "la" ya hezi 440. Hata wapigaji wa muziki wa kale wa Ulaya huteremka, wengi nusu sauti, wakitumia 415, na ala yao ya luti ni mjukuu wa udi huohuo, jina na mwili. Kuteremka hakudhuru. Kupandisha zaidi ya sauti nzima hukata nyuzi nyembamba na kuvuta shingo ya ala.

Kuna mtego mwingine kwenye makundi yanayotaka kuongeza kinanda au tashkota (ala ya nyuzi yenye vibonyezo). Ala hizi zina sauti zilizofungwa. Haziwezi kutoa robo sauti ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rasti au Bayati. Udi, fidla na kanuni zinaweza. Vikikutana kwenye wimbo wa Rasti, sauti ya tatu ya ngazi itapigwa mara mbili tofauti na wimbo utasikika "umeoza", na lawama itamwendea mwimbaji. Pitia orodha wimbo kwa wimbo: penye robo sauti, mwenye kinanda anyamaze.

Dumbak ya ngozi hukazwa kwa joto. Wapigaji huweka balbu ndani. Lakini balbu za kisasa za LED hazitoi joto la maana, na mara nyingi hili hugunduliwa saa mbili usiku. Nunua mapema balbu mbili za uzi, wati 40 au 60, na waya wake. Moto wa makuti wa kukazia ngoma za goma uwashwe nje ya Ngome tu, upande usio na upepo, na ndoo mbili za mchanga kando. Ngozi isogezwe, isikae juu ya ndimi za moto. Ikikazwa mno hupasuka pigo la kwanza. Tomwe ya zumari, yaani ulimi wake wa kupulizia, hulowekwa kidogo mate au maji kabla. Mpigaji awe na tatu tayari, maana moja ikipasuka hakuna wimbo.

Sanduku la akiba, usilitegemee kulijaza Lamu: seti mbili za nyuzi za udi, seti ya fidla, nyuzi kumi nyembamba za kanuni na ufunguo wa pili wa kulinganishia, risha (vipigio vya nyuzi) nne, ngozi moja ya dumbak, gundi ya mbao, koleo ndogo, tochi ya kichwani. Agiza Mombasa mwezi mmoja kabla. Kanuni ibebwe kwa mikono na mtu mmoja anayejua. Mkokoteni wa hamali ni wa viti na jamvi, na punda ni wa mchanga.

Ikiwa kundi ni la watu watano na wasikilizaji 100 uani, kipaza sauti kimoja mbele ya mwimbaji na udi kinatosha, mita moja mbele yao, spika mbili ndogo kwenye urefu wa kichwa cha aliyekaa. Dumbak akae nyuma pembeni, mita mbili kutoka kwa udi, bila kipaza chochote. Fundi wa sauti akisema kila ala inataka kipaza chake, mshukuru na utafute mwingine.

Maneno mkononi

Nusu ya wasikilizaji, hata Waswahili wa mbali, hawatashika Kiamu, lahaja ya Lamu. Chapisha karatasi iliyokunjwa mara moja, kurasa nne, herufi za ukubwa wa 14 kwa sababu mwanga ni hafifu. Weka beti kama zinavyoimbwa, na pembeni maana za maneno machache tu: ndia ni njia, mato ni macho, tini ni chini. Usigeuze shairi kuwa Kiswahili sanifu; mizani huvunjika na wenyeji watacheka. Ukiweza, wimbo mmoja uwekwe pia kwa herufi za Kiarabu, kama yalivyohifadhiwa maandiko ya kale. Fumbo usilifasiri. Waache watu wabishane barazani asubuhi.

Usiku wenyewe

Saa tisa alasiri: jamvi, viti, leso za ukutani, ala zinaingia. Saa kumi na mbili kasoro kila kitu kisimame, magharibi inakaribia. Baada ya magharibi kanuni inalinganishwa. Mlango ufunguliwe isha ikishasaliwa, si kwa saa ya ukutani. Muziki uanze saa mbili na nusu. Ukianza kabla ya isha utakatizwa na adhana katikati ya ubeti, na kosa hapo ni la ratiba.

Taa ziwe chache na za manjano, zisimpige mpigaji machoni. Tumia betri na inveta. Jenereta hata ikiwa mtaa wa pili utaisikia kati ya nyimbo. Feni nazo zizimwe wimbo ukianza na ziwashwe wakati wa makofi. Ubani ufukizwe kabla ya watu kuingia na utolewe dakika kumi kabla ya kuimba, kwani moshi hukausha koo. Mwimbaji awekewe maji ya uvuguvugu, si ya barafu.

Mtangazaji aseme dakika mbili, si kumi. Aseme jina la wimbo, wa nani, na simu zizimwe. Atakayechelewa asubiri dakani hadi wimbo uishe. Weka kijana mwenye heshima na uso mgumu. Mtu wa pili akae gatini kuanzia saa nne na nahodha wawili walioagizwa, mmoja wa Shela na mmoja wa Manda, bei ikiwa imekwisha kukubaliwa mchana. Bei inayotajwa usiku kwa mtu aliyekwama huwa nyingine.

Msanii akiugua, usitafute wa kuziba siku hiyo. Panga tangu mwanzo mtu wa kughani utenzi kwa dakika ishirini, anayejua kwamba huenda asiitwe, na umlipe hata asipoitwa.

Kurekodi na kufunga

Kinasa sauti kimoja chenye maikrofoni mbili, juu ya kigingi cha mita moja na nusu, mita mbili mbele ya wasanii, kinarekodi vizuri kuliko waya kumi. Weka kiwango cha chini, kwani kofi na vigelegele vya ghafla vina nguvu mara nyingi kuliko udi. Badilisha betri wakati wa mapumziko hata kama hazijaisha. Usiku uleule nakili kwenye diski mbili, zilale nyumba tofauti. Kila faili liandikwe tarehe, mahali, wimbo, mwimbaji, wapigaji, na masharti waliyoyatia sahihi. Nakala moja apewe msanii kwenye kadi, si ahadi.

Asubuhi ya nne hesabu viti kabla hamali hajaondoka, toa leso zote ukutani bila kuacha msumari kwenye lipu, na uhakikishe nyuzi za kila ala inayosafiri zimelegezwa kidogo kabla ya kuingia botini. Maji ya kwenda Pate siku hiyo hujaa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Nahodha aambiwe jana yake.